Bunduki, pingu au meza: njia za kukabili ugaidi zikipimwa bega kwa bega

Serikali inayoshambuliwa na magaidi haina njia nyingi. Inaweza kupeleka jeshi. Inaweza kuwaachia kazi makachero na mahakama. Inaweza kukaa meza moja na wanaoishambulia, na inaweza kujaribu kuwarudisha uraiani waliokwisha kujiunga nao. Kila njia imejaribiwa mahali, na kila moja ina watetezi wanaoapa kuwa nyingine zote ni kupoteza muda. Hapa nazilinganisha kwa mambo yaliyotokea kweli, ili ukimsikia mwanasiasa anaahidi kuwafyeka, au mwanaharakati anadai tuzungumze nao, ujue anakuuzia nini na kwa bei gani.

Msimamo wangu niutoe mapema, nisionekane namvizia msomaji. Polisi na mahakama ndio wawe mhimili, jeshi liwe la hali chache zinazojulikana, na mlango wa mazungumzo usipigwe kufuli. Ila hoja za upande wa pili si za kubeza, na baadhi yake sina jibu kamili la kuzijibu.

Umaskini, itikadi au dhuluma?

Kila anayechagua njia tayari amekubali maelezo fulani ya kwa nini watu hujiunga, hata kama hayasemi kwa sauti. Anayepeleka vifaru anaamini anapambana na watu wasiobadilika. Anayejenga vyuo vya ufundi anaamini tatizo ni tumbo.

Maelezo ya umaskini ni rahisi kuyameza, na ndiyo yanayovuja mapema. Osama bin Laden alitoka katika familia ya matajiri wa ujenzi. Ayman al-Zawahiri, aliyemrithi kuongoza Al-Qaeda, alikuwa daktari wa upasuaji. Mohamed Atta, aliyewaongoza watekaji ndege wa Septemba 11, 2001, alisomea mipango miji Hamburg. Abimael Guzmán, mwanzilishi wa Sendero Luminoso, kundi la waasi wa Kikomunisti nchini Peru, alikuwa mhadhiri wa falsafa. Mwaka 2003 wachumi Alan Krueger na Jitka Malečková walipitia takwimu zilizokuwepo wakakuta kwamba umaskini na kukosa shule havielezi sana ni nani anaingia kwenye ugaidi. Na kama ufukara peke yake ungetosha, nusu ya dunia ingekuwa inalipuka.

Hata hivyo usiyatupe yote. Viongozi na wapiganaji wa kawaida hawaingii kwa mlango mmoja. Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, limewahoji watu waliopitia makundi haya barani Afrika, na ripoti zake mbili, ya 2017 na ya 2023, zimenishawishi kuliko nadharia yoyote. Katika ile ya 2023, robo ya waliojiunga kwa hiari walitaja ajira kuwa sababu kuu; dini ilitajwa na asilimia 17 tu. Katika ile ya 2017, asilimia 71 walisema tukio lililowasukuma hatimaye lilikuwa kitendo cha serikali, kama vile ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Kukosa kazi kunamfanya kijana asikilize. Kinachomtoa nyumbani, mara nyingi, ni alichofanyiwa kaka yake.

Nigeria imeshalipa gharama ya kutolielewa hilo. Julai 2009 jeshi lilimkamata Mohammed Yusuf, kiongozi wa Boko Haram, mjini Maiduguri, likamkabidhi kwa polisi akiwa hai. Aliuawa akiwa mikononi mwao, bila kufikishwa mbele ya hakimu. Kwa mtazamo wa siku ile kazi ilikuwa imekwisha. Mwaka uliofuata kundi lilirudi chini ya Abubakar Shekau, likavunja gereza la Bauchi na kuwatoa mamia ya wafungwa, na kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko chochote ambacho Yusuf alikuwa amefanya. Siwezi kudai kwamba kesi ingemtuliza Shekau, sidhani. Lakini kesi ingewanyima wafuasi wake mfia dini wa kumlilia.

Sehemu nyingine sababu zote tatu hukaa pamoja na haiwezekani kuzitenganisha. Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ilikuwa na wahubiri wenye mafundisho makali waliogombana na masheikhe wa misikiti ya zamani. Ilikuwa na rubi ya Montepuez, ambako wachimbaji wadogo walifukuzwa, na gesi ya Palma ambayo vijana wa pwani waliiona ikipita mbele ya macho yao. Na ilikuwa na vyombo vya dola vyenye mkono mzito. Shambulio la kwanza lilipotokea Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, kila mtaalamu alichagua sababu aliyoizoea.

Halafu kuna wale ambao si maskini wala hawajaonewa na serikali yoyote. Anders Breivik aliua watu 77 nchini Norwei tarehe 22 Julai 2011. Aliyeshambulia misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, tarehe 15 Machi 2019, aliua 51 huku akirusha mauaji hayo mubashara mtandaoni. Hapo itikadi ndiyo iliyotangulia, na mtandao ukawa ndio kijiwe chake. Chuo cha ufundi kisingewabadilisha watu hawa. Ndiyo maana nikisikia mtu anataja chanzo kimoja cha ugaidi duniani kote huwa naacha kusikiliza.

Jeshi au makachero?

Hoja nzito kuliko zote upande wa jeshi inaitwa Sri Lanka. Chui wa Tamil, LTTE, waasi waliotaka nchi ya Watamil, walikuwa na ardhi yao, mizinga, boti za kivita na hata ndege ndogo. Waliwatumia washambuliaji wa kujitoa mhanga kwa wingi kabla ya wengi waliokuja baadaye. Mazungumzo yalijaribiwa mara kadhaa yakavunjika. Mei 2009, baada ya vita vilivyoanza 1983, jeshi liliwabana kwenye kipande chembamba cha pwani na kuwamaliza. Kiongozi wao Prabhakaran aliuawa. Kundi hilo halijafufuka. Anayesema jeshi halijawahi kushinda ugaidi hasemi kweli.

Sasa tazama bei. Jopo la wataalamu la Umoja wa Mataifa lilisema huenda raia wapatao 40,000 walikufa katika miezi ya mwisho, wengine ndani ya maeneo ambayo serikali yenyewe ilikuwa imewaambia wakimbilie. Na miaka kumi baadaye, Pasaka ya Aprili 21, 2019, makanisa na hoteli zililipuliwa na kundi lingine kabisa, zaidi ya watu 260 wakafa. Makachero wa India walikuwa wameonya zaidi ya wiki mbili kabla, ila onyo lilikaa maofisini. Jeshi lililowashinda Chui wa Tamil halikuwa na cha kufanya pale. Kilichokosekana ni ofisa wa kuisoma taarifa na kuitendea kazi.

Upande wa pili weka Peru, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sijui mfano unaofundisha zaidi. Jeshi lilipelekwa milimani Ayacucho mwishoni mwa 1982 kupambana na Sendero Luminoso. Wanavijiji walijikuta katikati: ukimpa mwasi chakula, jeshi linakuua, ukimnyima, yeye anakuua. Tume ya ukweli ilipotoa ripoti mwaka 2003 ilikadiria kwamba watu karibu 69,000 walikufa katika mgogoro ule. Zaidi kidogo ya nusu waliuawa na Sendero, na sehemu kubwa ya waliobaki ilikuwa kazi ya vyombo vya dola. Robo tatu ya waliokufa walikuwa watu ambao lugha yao ya mama ni Kiquechua au lugha nyingine ya wenyeji.

Huku hayo yakiendelea, mwaka 1990 polisi waliunda kikosi kidogo mjini Lima kilichoitwa GEIN. Hakikuwa na fedha za maana. Kazi yake ilikuwa kukaa, kutazama na kufuata nyayo. Nyumba moja mtaani Surquillo iliwavutia: chini ilikuwa studio ya kucheza dansi, na mwenyeji alionekana hana familia kubwa, lakini taka zilizotolewa zilikuwa nyingi kupita kiasi. Makachero wakawa wanazichukua zile taka na kuzichambua. Wakakuta vipisi vya sigara ambazo mwenye nyumba havuti, na mirija ya dawa ya ngozi ya ugonjwa wa soriasi, ambao walijua kuwa unamsumbua Guzmán. Usiku wa Septemba 12, 1992 waliingia, wakapanda ghorofani, wakamkuta ameketi. Haikupigwa hata risasi moja ya kumuua mtu. Baada ya hapo Sendero haikuwa tena tishio kwa dola.

Peru ikaharibu kidogo ilipomhukumu kwa majaji wa kijeshi waliofunikwa nyuso, hadi hukumu ile ikafutwa na akashtakiwa upya mahakama ya kiraia. Alipata kifungo cha maisha mwaka 2006 na kufia gerezani 2021. Rais Alberto Fujimori, aliyejitwalia sifa za ushindi, naye alihukumiwa miaka 25 mwaka 2009 kwa mauaji yaliyofanywa na kikosi cha kijeshi cha siri. Mtu huweza kushinda kwa njia safi na bado akachafuka kwa ile nyingine aliyoiendesha pembeni.

Mwaka 2008 taasisi ya utafiti ya RAND ilichunguza makundi 648 yaliyokuwepo tangu 1968 hadi 2006. Kati ya yaliyofikia mwisho, asilimia 43 yaliishia kwenye siasa, asilimia 40 yalivunjwa na polisi na ujasusi, asilimia 10 yalipata walichokitaka, na asilimia 7 tu yalimalizwa na nguvu za kijeshi. Takwimu hizi hunukuliwa ovyo, kwa hiyo tahadhari: makundi mengi kati ya hayo yalikuwa madogo. Kundi likishakuwa jeshi la waasi wenye maelfu ya wapiganaji, mchango wa kijeshi unapanda.

Mpaka uko hapo hapo. Mocímboa da Praia ilipokuwa mikononi mwa wapiganaji tangu Agosti 2020, hakuna kachero ambaye angeingia na hati ya upekuzi. Mji ulirudishwa mwaka mmoja baadaye na wanajeshi wa Rwanda na Msumbiji. Mosul, mji wa Iraki ulioshikwa na Dola la Kiislamu, vivyo hivyo. Kundi likishika mji, linatoza kodi na kuendesha mahakama zake, jeshi haliepukiki. Kundi likijificha ndani ya mji wa serikali, jeshi ni nyundo kubwa mno.

Vipi ndege zisizo na rubani, ambazo zinauzwa kama njia ya kati? Agosti 29, 2021, siku tatu baada ya bomu la uwanja wa ndege wa Kabul, Marekani ilirusha kombora kwenye gari lililoaminika kubeba mshambuliaji. Walikufa raia kumi, saba kati yao watoto. Dereva alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada. Mwanzoni jeshi lilitetea shambulio lile, kisha likakiri kosa. Teknolojia haikukosea kulenga. Taarifa ndiyo iliyokuwa mbovu, na kombora halina hatua ya rufaa.

Kuweka ndani bila mashtaka, au kusubiri ushahidi?

Huu ndio mtego mchungu zaidi, na wanaoupuuza hawajawahi kukaa kwenye kiti cha mkuu wa polisi. Ana jina. Ana mtoa habari anayemwamini. Lakini mtoa habari akisimama kizimbani atauawa, na simu iliyonaswa ikichezwa mahakamani itafichua jinsi inavyonaswa. Amwachie mtu huyo aende zake?

Uingereza ilijibu swali hilo Ireland Kaskazini tarehe 9 Agosti 1971. Katika msako wa alfajiri moja walikamatwa watu 342 bila mashtaka. Orodha zilikuwa za zamani. Wengi waliochukuliwa hawakuwa na uhusiano na IRA, kundi lililotaka Uingereza iondoke, na waliokuwa nao wengi walishatoroka. Baadhi walifunikwa vichwa kwa magunia, wakasimamishwa ukutani kwa saa nyingi, wakapigiwa kelele, wakanyimwa usingizi na chakula. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliita hayo mwaka 1978 kutendewa kinyama na kwa kudhalilishwa. Lengo lilikuwa kupunguza mauaji. Mwaka uliofuata msako, 1972, ndio uliokuwa na vifo vingi kuliko mwaka wowote wa mgogoro ule.

Marekani ilirudia somo bila kulisoma. Guantánamo, gereza lake la kijeshi kisiwani Kuba, imepitisha watu wapatao 780 tangu Januari 2002, na waliotiwa hatiani ni wachache mno. Zaidi ya miongo miwili baadaye, kesi ya wanaotuhumiwa kupanga Septemba 11 imekwama, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mateso yaliyowapata mikononi mwa CIA. Jambo ambalo watetezi wa mateso huwa hawalisemi ni hilo: unayemtesa leo huwezi kumfunga kwa halali kesho. Na huko Iraki, kambi ya Bucca, gereza la Wamarekani, iliwakusanya pamoja waliokuwa hawajuani. Abu Bakr al-Baghdadi, aliyekuja kuongoza Dola la Kiislamu, alishikiliwa Iraki na Wamarekani mwaka 2004.

Misako ya jumla ina hasara nyingine isiyohesabika. Kenya, Aprili 2014, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh na kwingineko, na wengi wakashikiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Wanaoishi mtaa mmoja na mshukiwa ndio wanaojua mgeni gani amehamia na mizigo gani imeingia usiku. Ukishamweka mtu uwanjani siku kadhaa kwa sababu ya kabila lake, usitegemee atakupigia simu.

Je, ipo njia ya kati? Ipo, na haipendezi. Italia, ilipozidiwa na Red Brigades, kundi la mrengo mkali wa kushoto, ilimpoteza waziri mkuu wa zamani Aldo Moro, aliyetekwa na kuuawa mwaka 1978. Husimuliwa kwamba jenerali Carlo Alberto Dalla Chiesa aliposhauriwa amtese mshukiwa ili Moro apatikane, alijibu kuwa Italia inaweza kustahimili kumpoteza Moro lakini haiwezi kustahimili kuanzisha mateso. Badala yake zikaja sheria za kumpunguzia kifungo aliyetubu na kusema anachojua. Patrizio Peci, aliyekamatwa 1980, alisema mengi sana, na mtandao ukaanza kufumuka. Wenzake walimlipiza kwa kumteka na kumuua mdogo wake. Wauaji waliokiri nao walitoka gerezani mapema kuliko familia za waliouawa zilivyoweza kuvumilia. Hiyo ndiyo bei ya ushahidi, na bado naiona nafuu kuliko ya Guantánamo.

Kusikiliza simu za wote au za wachache?

Hapa nitapita haraka kwa sababu hesabu yenyewe inatosha. Chukua mfano wa kubuni: watu milioni moja, kati yao magaidi 100, na mfumo wa kompyuta unaopatia mara 99 kati ya 100. Utawanasa magaidi 99. Utawanasa pia watu 9,999 wasio na hatia. Kati ya kila watu mia walioonyeshwa na mfumo, hata mmoja kamili si gaidi. Nani atawafuatilia wote hao?

Marekani ilikusanya kumbukumbu za simu za karibu kila mtu, jambo lililofichuliwa 2013 na Edward Snowden, aliyewahi kuwafanyia kazi majasusi wake. Bodi ya serikali yenyewe inayosimamia faragha ilipochunguza, ilisema Januari 2014 kwamba haikuona hata tukio moja la tishio kwa nchi ambapo mpango ule ulibadilisha matokeo ya uchunguzi. Kumfuata mtu mmoja anayeshukiwa, kwa upande mwingine, ndiko kulikomfikisha Guzmán kwenye pingu, ingawa kule waliziangalia taka na si simu.

Kuzungumza nao au kukataa?

Kila serikali husema haizungumzi na magaidi, na nyingi zimezungumza. Uingereza iliwasiliana na IRA kwa siri huku ikikana hadharani, hadi siri ikafichuka 1993. Mkataba wa Ijumaa Kuu ukatiwa saini Aprili 10, 1998. Ndani yake kulikuwa na kidonge cha kumeza: wafungwa wa makundi yaliyositisha mapigano wangeachiwa ndani ya miaka miwili. Mjane alikutana dukani na aliyemuua mumewe. Miezi minne baada ya saini, kundi lililojitenga lililipua Omagh na kuua watu 29. Hata hivyo mkataba haukuvunjika, na mwaka 2005 IRA ikaweka silaha zake chini mbele ya wasimamizi. Mgogoro ulioua zaidi ya watu 3,500 ukawa siasa za bungeni zenye matusi ya kawaida.

Kolombia ilifika hapo kwa shida zaidi. Wapiga kura waliukataa mkataba na waasi wa FARC kwa tofauti ndogo sana Oktoba 2016. Ukarekebishwa, ukapitishwa na bunge, na viti kumi vikatengewa waasi wa jana.

Upande wa wanaokataa nao una historia. Mwaka 1975 Ujerumani Magharibi iliwaachia wafungwa ili mwanasiasa Peter Lorenz aliyetekwa arudi salama, na baadhi yao wakarejea kwenye mashambulizi. Mwaka 1977 kundi la Red Army Faction lilipomteka Hanns Martin Schleyer, kiongozi wa waajiri, na kudai wafungwa wake waachiwe, serikali ilikataa. Makomando waliokoa abiria wa ndege ya Lufthansa iliyotekwa na kupelekwa Mogadishu, na Schleyer akauawa. Fedha za kukomboa mateka zina mantiki hiyo hiyo: mateka wa leo anarudi nyumbani, na kundi linapata mtaji wa kumteka wa kesho. Kama mtekwa ni mwanao, hoja hiyo haina maana yoyote, na ndiyo sababu serikali kadhaa hulipa kimyakimya.

Kwa hiyo swali si kama tuzungumze; ni na nani. Mimi hutazama mambo matatu. Je, wana dai linaloweza kugawanywa, kama mpaka, viti, ardhi au lugha? Je, yupo kiongozi ambaye akiamuru risasi zinyamaze zitanyamaza? Na je, jamii waliyotoka imechoka? IRA ilikuwa na yote. Breivik hakuwa na hata moja.

Kuna pia mazungumzo na mtu mmoja mmoja. Mukhtar Robow, aliyekuwa naibu kiongozi wa Al-Shabaab, alijisalimisha kwa serikali ya Somalia Agosti 2017. Desemba 2018, akigombea urais wa jimbo la Kusini Magharibi, alikamatwa na watu wakafa katika maandamano ya Baidoa. Agosti 2022 akateuliwa waziri wa mambo ya dini. Fikiria kamanda aliyeko msituni anayepima kama ajisalimishe: amwangalie Robow wa 2018 au wa 2022? Serikali inayotaka watu watoke lazima iwe na jibu moja.

Kuwarekebisha waliorudi

Programu za kuwabadilisha wafungwa zina tatizo la hesabu: kosa lake linajulikana na kila mtu, mafanikio yake hayaonekani na yeyote. Agosti 2009 mtu aliyejifanya anataka kutubu alijilipua mbele ya mwanamfalme Mohammed bin Nayef wa Saudi Arabia, mwenye programu maarufu kuliko zote, mwanamfalme alinusurika. Novemba 29, 2019, Usman Khan, aliyekuwa ameachiwa kwa masharti, aliwaua watu wawili jijini London katika mkutano uliohusu urekebishaji wa wafungwa. Matukio kama hayo hayasahauliki, na hayapaswi kusahauliwa.

Ila waulize wanaotaka programu hizi zifungwe: maelfu waende wapi? Wengi walioshtakiwa kwa makosa ya ugaidi hawapati kifungo cha maisha. Watatoka tu, wakiwa wamebadilishwa au la. Malalamiko ninayoyaona mazito zaidi yanatoka kwingine. Kaskazini mashariki mwa Nigeria, ambako mpango wa kuwapokea wapiganaji wa zamani ulianza 2016, waliokimbia vijiji vyao huuliza kwa nini aliyewachomea nyumba anapewa mafunzo na vifaa vya kazi wakati wao wako bado kambini. Programu isiyompa kitu jirani wa anayerudi inamrudisha mtu mahali asipotakiwa.

Ukilazimika kuchagua

Wanaposhika ardhi, unga mkono jeshi, lakini udai kwanza nani ataendesha mji siku ya pili. Wanapojificha mjini, weka fedha kwa makachero, waendesha mashtaka na ulinzi wa mashahidi, hata kama vifaru vinapendeza zaidi kwenye gwaride. Penye jamii nzima yenye lalamiko la miaka mingi, tafuta meza mapema, kabla wenye msimamo wa wastani hawajauawa na wenzao. Kwa mtu mmoja aliyeokota chuki mtandaoni, jeshi na mazungumzo vyote havina kazi. Hapo ni kumwahi, kudhibiti silaha kama New Zealand ilivyofanya ndani ya mwezi mmoja, na kumfikisha mahakama ya kawaida kama Norwei, ambako Breivik alipata miaka 21 inayoweza kuongezwa.

Raia wa kawaida, hata hivyo, mara nyingi haulizwi kuhusu operesheni. Anachoulizwa, kupitia wabunge wake, ni sheria, tena kwa haraka, damu ikiwa bado mbichi. Muswada ukija, tafuta mambo matatu ndani yake: nani anaamua kwamba kundi fulani ni la kigaidi na anayeorodheshwa anakata rufaa wapi, mshukiwa anakaa siku ngapi kabla ya kumwona hakimu, na sheria inakufa lini isipohuishwa. La mwisho ndilo linalochezewa zaidi. Baada ya mabomu ya baa za Birmingham yaliyoua watu 21 tarehe 21 Novemba 1974, bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia ugaidi katika siku nane. Jina lake lilisema ni ya muda. Ilihuishwa tena na tena hadi sheria ya mwaka 2000 ilipochukua nafasi yake moja kwa moja. Wanaume sita waliofungwa kwa mabomu yale walikaa gerezani miaka 16 kabla ya mahakama ya rufaa kuwaachia mwaka 1991, na waliolipua baa zile hawajatiwa hatiani hadi leo.